Hadithi Moja, Mwezi Mzima: Kuwafundisha Watoto Wadogo Biblia kwa Mikono, Nyimbo na Vitabu

Niliwahi kufundisha hadithi ileile wiki nne mfululizo. Haukuwa mpango, niliugua, nikakosa nguvu za kuandaa nyingine. Ilikuwa ile ya Yesu kutuliza dhoruba. Wiki ya nne mama mmoja akanisimulia kwamba binti yake, ambaye hajatimiza hata miaka miwili na nusu, alisimama mbele ya beseni la kuogea, akayavuruga maji kwa mikono miwili, kisha akanyoosha kiganja juu yake na kusema, "Tuliiia!" Akangoja. Maji yalipotulia akageuka, akamwambia mama yake neno moja tu: "Yesu."

Kabla ya hapo kila Jumapili nilikuja na hadithi mpya, na sikumbuki mtoto hata mmoja aliyeichukua akaenda nayo nyumbani. Tangu siku ile nimeishika njia hii: hadithi moja kwa mwezi mzima, sentensi moja, wimbo mmoja, chombo kimoja cha kushika, na kitabu kimoja au viwili. Ninayoeleza hapa yanamhusu mzazi, mlezi au mwalimu wa shule ya Jumapili mwenye watoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi mitatu na kidogo.

Mjue kwanza unayemfundisha

Mtoto wa mwaka mmoja huchunguza vitu kwa mdomo. Wa mwaka na nusu anaanza kuchora mistari ovyoovyo, anapenda kutia vitu ndani na kuvitoa, na hachoki kitu kikifichwa kisha kikaonekana tena. Akifika miwili anaunganisha maneno mawili: "Yesu lala", "mama maji". Wa miaka mitatu anauliza kwa nini, na jibu lako linazaa kwa nini nyingine.

Kwa hiyo maneno kama neema, wokovu na utukufu hayana mahali pa kushikwa naye. Si kwamba hayana thamani. Hana bado mkono wa kuyashikia. Lakini "Yesu amelala", "kondoo amepotea", "Mungu alitengeneza jua" anaelewa vizuri sana, maana kulala anakujua, kupotea anakujua, na jua analiona. Usimtegemee akae zaidi ya dakika tatu au nne. Akiondoka na kuzungukazunguka huku wewe unaendelea, usidhani hasikii. Yule binti wa beseni alikuwa mmoja wa wale ambao hawakukaa hata mara moja.

Hatua ya kwanza: chagua hadithi

Mimi huuliza maswali matatu. Kuna kitu cha kushika? Kuna jambo la kufanya kwa mwili? Na je, alichofanya Mungu naweza kukisema kwa sentensi moja? Hadithi isiyopita hapo naiacha mpaka mtoto akue.

Hizi kumi na mbili zinapita bila shida, na zinatosha mwaka mzima: uumbaji (Mwanzo 1), Nuhu na wanyama (Mwanzo 6 hadi 9), mtoto Musa ndani ya kisafina (Kutoka 2), kuta za Yeriko (Yoshua 6), Danieli na simba (Danieli 6), Yona (Yona 1 na 2), kuzaliwa kwa Yesu (Luka 2), dhoruba (Marko 4), mikate mitano na samaki wawili (Yohana 6), kondoo aliyepotea (Luka 15), Zakayo (Luka 19), na Yesu kuwapokea watoto (Marko 10). Pasaka ikifika, weka mojawapo kando uingize kaburi tupu: "Yesu alikufa. Yesu alifufuka. Yesu yuko hai!" Misumari na damu havihitajiki katika umri huu, jiwe lililoviringishwa linatosha, na kuviringisha wanakupenda.

Ziko za kungoja: Kaini na Habili, Ibrahimu na Isaka, kifo cha wazaliwa wa kwanza wa Misri. Hata za kumi na mbili hizi zina upande wa kutisha, na hapo niliwahi kukosea. Nilisimulia gharika nikiwa nimesimama nje ya safina: maji yanapanda, yanafunika nyumba. Kijana mmoja mdogo akakataa kuoga siku mbili. Siku hizi nasimulia Nuhu nikiwa ndani ya safina pamoja na watoto. Mvua inanyesha nje, sisi tuko salama, Mungu ameufunga mlango, na ndivyo ilivyoandikwa katika Mwanzo 7:16. Kufupisha hadithi si kudanganya. Kinachotakiwa ni kwamba hicho kidogo ulichosema kiwe kweli, ili miaka kumi baadaye asije akakigundua kuwa kilikuwa cha kubuni. Ndiyo maana kwenye Yona nasema "samaki mkubwa", kwa kuwa kitabu cha Yona hakikumwita nyangumi, na mamajusi siwahesabu kuwa watatu, kwa kuwa Mathayo hakutaja idadi yao.

Hatua ya pili: andika sentensi moja

Iandike kwenye karatasi uibandike mahali utakapoiona. Kanuni yangu ni hii: mtendaji awe Mungu au Yesu. "Danieli alikuwa jasiri" ni sentensi nzuri, ila inamwacha mtoto na mzigo wa kuwa jasiri. "Mungu alimlinda Danieli" inampa mtu wa kumkimbilia. Katika Danieli 6:22 Danieli mwenyewe anasema Mungu alimtuma malaika akayafumba makanwa ya simba. Hatamki neno juu ya ushujaa wake.

Kwa dhoruba: *Yesu aliiambia bahari itulie, ikatulia.* Hiyo utaisema mara nyingi mpaka wewe mwenyewe uichoke. Ukishaichoka, ujue mtoto ndiyo kwanza anaanza kuizoea.

Hatua ya tatu: simulia kwa mwili mzima

Kaa chini, macho yako yalingane na yao. Shika Biblia mkononi hata kama husomi, ifungue, kisha anza. Mimi sianzi kwa "hapo zamani za kale". Huo ni mlango wa sungura na fisi, nao ni mlango mzuri, lakini nataka mtoto ajue mapema kwamba hapa tunaingia kwa mlango mwingine. Nasema, "Biblia inatuambia…", na baada ya wiki mbili wenyewe wananyamaza wakilisikia.

Kwa dhoruba tafuta kitambaa kikubwa cha bluu, boksi la kuenea mtoto mmoja au wawili, na mto mdogo wa kulalia. Mto nausisitiza kwa sababu umo: Marko anasema Yesu alikuwa katika shetri, yaani nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Katika hadithi nzima, mto ndicho kitu pekee ambacho mtoto anacho kitandani kwake.

Mimi huisimulia hivi:

"Biblia inatuambia, ilikuwa jioni. Yesu akasema, twende ng'ambo. Wakapanda mashua. Tupige makasia! Vuta… vuta… vuta… Yesu amechoka. Yesu amelala juu ya mto. (Wote tunalala, tunakoroma.) Upepo ukaja: vuuu! Mawimbi yakaja: pwaa! Pwaa! (Tunatikisa kitambaa.) Maji yakaingia ndani: chubwi! Marafiki wakaogopa. Yesu, amka! Yesu akaamka. Akaiambia bahari, 'Nyamaza, utulie.'"

Hapo shusha sauti iwe ya kunong'ona, na ushushe kitambaa polepole mpaka chini. Kisha usiseme kitu. Hesabu moyoni hadi tano. Kimya hicho ndicho kilele cha hadithi, na walimu wengi tunakiharibu kwa kuharakisha kueleza. Halafu sema, taratibu: "Shwari."

Kuna jambo nililichelewa kuliona. Watoto wengi neno "nyamaza" wanalijua kwa upande mmoja tu, wa kukemewa. Ukilisema huku unawatazama, wapo watakaojikunyata. Geuza uso wako uwe kwenye kitambaa na ukiambie kitambaa. Waone kwamba anayekemewa ni mawimbi, na wao wako ndani ya mashua pamoja na Yesu.

Lugha yetu ina utajiri mkubwa wa tanakali za sauti, zitumie bila kubana. Kitu kikianguka majini, chubwi. Ukuta wa Yeriko, puu! Mvua ya Nuhu, tone moja moja, ndo, ndo, ndo, mpaka imwagike. Mtoto asiyeweza bado kutamka "dhoruba" anaweza kusema "vuuu", na akisema "vuuu" mahali pake amesimulia.

Hatua ya nne: tunga wimbo mfupi

Huhitaji kuwa mwimbaji. Chukua utenzi wa mistari minne, noti tano au sita tu, na kila mstari uwe na kitendo. Wangu wa dhoruba uko hivi:

Mashua yaenda, vuta, vuta,
upepo wavuma, vuu, vuu,
Yesu asema, tulia,
bahari yote… *tuli*.

Ukiimba mara ya tatu au ya nne, kata sauti kabla ya neno la mwisho. Ngoja. Utaona midomo inavyojikunja kulitafuta. Mtoto atasema "tuli", au "tu", au atakutazama tu akitabasamu. Vyote ni kuimba. Baada ya wiki mbili kata mapema zaidi, umwachie "yote tuli".

Ukitunga, sikiliza mkazo. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ba-HA-ri, ma-SHU-a. Sauti ya juu au ndefu ya wimbo iangukie hapo. Nyimbo nyingi zilizogeuzwa kutoka lugha nyingine zinabeba tuni ya kigeni, mkazo ukaanguka kwenye "ri", na mtoto anayejifunza kusema analipokea neno likiwa limepinda. Tamka mstari kwanza kama mazungumzo, piga kofi kwenye mkazo, ndipo utafute tuni inayofuata makofi hayo. Sisi watu wazima pia huanza chini mno; panda kidogo, sauti za watoto ni nyembamba.

Wimbo usibaki kwenye kipindi. Huu wa dhoruba mahali pake ni bafuni, na wa Zakayo ("shuka, shuka") ni kwenye ngazi au wakati wa kumshusha kitandani.

Hatua ya tano: kazi ya mikono iwe chombo cha kusimulia

Hapa ndipo nilipotumia nguvu nyingi bure. Nilikesha nikikata kondoo ishirini, macho nimebandika, pua nimechora, nikawaachia watoto sehemu moja ndogo ya kubandika pamba. Wazazi walifurahi. Watoto waliwaacha kondoo hao sakafuni, nami nilielewa: walikuwa kondoo wangu.

Siku hizi nagawa kazi. Kukata, kutoboa na kuunganisha ni kwangu. Kubandika, kupaka, kuchana karatasi, kukunjakunja, kugonga na kutia ndani ni kwao. Mtoto akiweka pamba yote kwenye mguu mmoja wa kondoo, basi huyo ndiye kondoo wake, na usije ukamrekebishia akiwa amegeuka.

Tena, kitakachotengenezwa kiwe na kazi siku hiyohiyo. Kwa dhoruba tunatengeneza mashua ndogo:

1. Kata boksi dogo libaki na kuta fupi, kama kidole kimoja cha mtu mzima. Pitisha selotepu kwenye kingo zilizokatwa.
2. Mpe mtoto karatasi za rangi azichane mwenyewe. Kuchana ni zoezi zuri la vidole, na sauti yake inampendeza.
3. Mpakie gundi ubavuni mwa boksi, yeye abandike vipande popote apendapo.
4. Chukua bomba la katikati ya karatasi ya chooni, mwache achore anavyotaka kwa kalamu nene ya rangi. Huyo ni Yesu. Kwa wa miaka mitatu ongeza mabomba mawili ya marafiki.
5. Kipande cha kitambaa kilichokunjwa ni mto.
6. Papo hapo, kabla hata gundi haijakauka, simulieni. Bomba linalala juu ya mto, bomba linaamka.

Gundi naipika mwenyewe. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina polepole kwenye vikombe viwili vya maji yanayochemka, endelea kukoroga dakika mbili tatu mpaka iwe nzito kama uji, kisha iache ipoe kabisa. Itumie siku hiyo au kesho yake. Uliza kwanza kama kuna mtoto anayedhuriwa na ngano, maana wataionja. Unga wa chumvi wa kufinyangia siwapi walio chini ya miaka mitatu, kwa kuwa chumvi nyingi ikimezwa inaweza kuwa hatari.

Juu ya usalama sina mzaha. Kitu chochote kinachopita ndani ya lile bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto, kwa hiyo shanga, vifungo, mbegu, macho ya plastiki na puto vibaki nje. Pamba mpe mafundo makubwa na usimwache peke yake. Uzi uwe mfupi usioweza kuzunguka shingo.

Za hadithi nyingine nazitaja kwa haraka. Musa: bakuli la kadibodi, majani makavu, mwanasesere mdogo, mfunike, mfunue. Kondoo aliyepotea: mmoja mkubwa wa kitambaa, umfiche chumbani, watoto wamtafute, mbebe mabegani mkishangilia kama mchungaji wa Luka 15. Yeriko: maboksi matupu yaliyopakwa rangi, zungukeni mara saba, pigeni kelele, yaangusheni. Katika Yoshua 6 walizunguka mara moja kwa siku 6, na mara saba siku ya saba, ila kwa umri huu siku ya saba inatosha. Mikate na samaki: kikapu, karatasi tano za kahawia zilizofinywa, samaki wawili wa kadibodi, hesabuni mkiingiza, hesabuni mkitoa.

Hatua ya sita: kitabu

Tafuta chenye kurasa ngumu za kadibodi, picha moja kubwa kwa kila ukurasa na sentensi moja au mbili. Kabla ya kununua, soma ukurasa wa mwisho ukiwa umesimama palepale. Kama unamalizia kwa "basi nawe uwe mtoto mtiifu" katika hadithi ambayo Mungu ndiye aliyeokoa, mimi hukirudisha. Angalia pia nyuso: watoto husoma nyuso kabla ya kitu kingine chochote.

Kusoma si lazima kufuate maandishi. Mpakate, mwache afunue yeye, hata akiruka kurasa nne au akianzia nyuma. Uliza "Yuko wapi Yesu?" na ungoje kidole. Kisha "Mawimbi yanasemaje?" Akitaka kurudia ukurasa mmoja mara sita, rudia. Kitabu kinachotafunwa pembe kinapendwa.

Kisipopatikana kinachofaa, tengeneza. Kurasa sita za kadibodi zenye ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, ziunganishe kwa selotepu pana. Ukurasa wa kwanza mashua, wa pili Yesu amelala, wa tatu mawimbi, wa nne marafiki wanaita, wa tano Yesu anasema, wa sita bahari tupu, bluu, haina kitu. Bandika picha ya mtoto wako ndani ya mashua ya kwanza. Nimeona vitabu vilivyochorwa vibaya vikilaliwa navyo usiku, huku vya dukani viko rafuni.

Mwezi unavyokwenda

Wiki ya kwanza simulia tu na kitambaa, uimbe. Usilete gundi. Wiki ya pili lete kazi ya mikono. Wiki ya tatu lete kitabu, na umwache mtoto mmoja mmoja awe ndiye anayenyoosha mkono na kuiambia bahari itulie. Kama uko nyumbani, isambaze ndani ya siku: Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuondoka, na hakuna hata mahali pamoja panapohitaji meza wala ratiba. Sala iwe ya maneno yanayomtosha: "Yesu, asante. Upo nasi. Amina."

Asiyetaka kushiriki usimvute. Mwekee kitambaa karibu na ulipo, endelea. Anayelia upepo ukivuma, mpakate na uvume kwa sauti ndogo, na umwahidi kwamba Yesu ataamka.

Wiki ya nne kaa kimya umpe yeye vifaa. Ataanza katikati. Atamlaza Yesu, atamwamsha, atamlaza tena mara tano bila dhoruba yoyote. Pengine atakwenda kumchukua yule kondoo wa mwezi uliopita ampandishe mashuani. Usimwambie kondoo hakuwepo. Tikisa kitambaa, vuma kidogo, anza, "Yesu aliiambia bahari…" na ungoje kiganja chake.